Homa ya Usoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, watoto wa Mama Nizigama walipanga mstari mlangoni kupakwa mafuta. Hayakuwa ya dukani. Yalikuwa mafuta ya kupikia, ya mgao wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, na mama aliyamimina kidogo kidogo kiganjani. Alipaka miguu, mikono, kisha uso, mpaka ung'ae.

"Sitaki bantu baseme batoto yangu banapauka kama hawana mama," alisema. Alikuwa amechoka tangu walipokimbia Burundi, lakini mafuta hayo hakuyasahau hata siku moja.

Irambona, binti yake wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu mvua zianze, uso wake ulijaa chunusi kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Alizisugua kwa sabuni ya kufulia na gunzi la mahindi mpaka ngozi ikawaka moto. Alizitumbua kwa kucha. Asubuhi mama akapaka mafuta juu yake, nazo zikazidi.

Kingekuwa kidonda cha mguu, angemwambia mama. Lakini darasani Olivier, mvulana wa Uvira, kule Kongo, asiyejua kunyamaza, alimtazama akasema, "Mumuone Irambona. Iko nawaza bwana, njo maana uso iko vile." Darasa zima likacheka, hata Gabriella, rafiki yake. Irambona alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichoogopa zaidi ni mama naye kuamini kwamba anawaza wanaume.

Kesho yake akasema ana homa. Mama akaacha kuuza mandasi, maandazi ya huko, akampeleka zahanati ya kambini. Damu ikapimwa, malaria haikuonekana. Irambona akaendelea kulala wiki nzima. Mwalimu Bigirimana akatuma ujumbe kwamba mtihani umekaribia, na asiyeufanya atarudia darasa.

"Basi kesho tunaenda Lilongwe," mama akasema. "Ugonjwa usioonekana njo unaua."

Walipanda matola, yaani gari la mizigo linalobeba pia watu, wakashuka Area 25, mtaa mmoja wa Lilongwe, na kutembea hadi kwenye zahanati moja. Foleni ilikuwa ndefu. Mama alisinzia kwenye benchi, kichwa chake kikaegemea bega la binti yake. Irambona aliangalia visigino vya mama vilivyopasuka, akaona hawezi tena.

"Mama, sina homa."

Mama akafumbua macho. "Unasema nini?"

"Sikuwa nayo kabisa. Ni hizi chunusi. Shuleni wanasema nawaza wanaume, ndiyo maana sikutaka kwenda."

Mama hakumgombeza. Hata nguvu ya kugombeza hakuwa nayo. "Wiki nzima," alisema polepole, "wiki nzima mi nakuzika kichwani mwangu." Irambona akalia, na watu wa foleni wakageuka kuwatazama.

Zamu yao ilipofika, walimkuta muuguzi wa kutoka Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, aliyejua Kiswahili. Mama akamweleza yote bila kuficha. Muuguzi akaushika uso wa Irambona kwa upole.

"Mwili ukianza kukua, ngozi hutoa mafuta mengi," alisema. "Yakiziba vitundu vya ngozi, vijidudu huzaliana humo, na ngozi huvimba. Wavulana nao hupata. Mawazo hayaleti chunusi, na wala si uchafu. Unapaka nini usoni?"

Mama akajibu mwenyewe, "Mafuta ya kupikia. Mi njo nampaka."

"Ulimtunza, mama. Mpake miguu na mikono, ila uso uuache. Na wewe, binti, nawa uso asubuhi na jioni kwa maji na sabuni laini, bila kusugua. Usizitumbue, zitaacha makovu." Alimpa dawa ya kupaka, kidogo tu kila usiku, akamwambia itachukua wiki nyingi, na zikizidi kuvimba na kuuma, arudi.

"Zikomo," mama akashukuru.

Irambona alirudi shule na uso uleule. Olivier alipoanza tena, alimwambia, "Na wewe zitakuja. Zikija, usizitumbue." Olivier akajigusa kidevu na kunyamaza. Mtihani aliufanya na chunusi zake, akafaulu. Baridi ilipoingia, uso ulikuwa umetulia, zimebaki chache tu.

Jioni moja walikuwa wakichambua maharage, mama akasimamisha mikono.

"Chunusi ilikuwa kitu kidogo," alisema. "Uongo njo ulinichosha. Ukiona aibu, uniambie, 'Mama, naona aibu.' Aibu nitaiweza. Usiniletee tena kifo cha uongo, mwanangu. Vile vya kweli vinanitosha."

"Ndiyo, mama," Irambona akajibu, akasogea karibu naye.