Stafeli la Mjomba Sebastiao

Ndugu zangu wa Msimbati, sogeeni niwaeleze yaliyompata jirani yangu Luisa, kisha mnisaidie kumshukuru Mungu.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Asubuhi Luisa alibangua korosho uani huku akimtania mjomba wake Sebastiao, aliyemlea tangu utotoni. Siku moja, akioga, akagusa kivimbe kwenye titi. Hospitalini Mtwara wakampima: ni saratani, lakini amewahi, arudi apasuliwe.

Kwao, kama mjuavyo, mjomba asiposema, jambo halijaamuliwa. Sebastiao akakataa kisu. Alikuwa amesikia kuwa stafeli linaponya saratani. Basi akawa anakamua matunda, anachemsha majani, na kumpelekea mpwawe kikombe kwa mkono wake.

"Kunywa, mwanangu. Dawa mbili hazikai tumbo moja."

Luisa akanywa. Nani angemkatalia mtu anayempenda hivyo? Msimcheke mzee, mapenzi nayo hupofusha.

Kivimbe kilichokuwa kama korosho kikawa kama bibo, tunda lake zima. Ndipo Veronika, muuguzi wa zahanati, alipomfuata Sebastiao shambani, akamkuta anapulizia mikorosho dawa ya salfa kwa mashine.

"Shikamoo, mzee. Mbona huimwagii mikorosho maji ya stafeli?"

"Marahaba. Utani gani huo? Ugonjwa huu wa ubwiri unga unataka salfa, tena mapema. Ukichelewa, maua yote yanaungua."

"Na Luisa je, mzee?"

Sebastiao akazima mashine, akakaa chini.

"Stafeli ni tunda zuri," Veronika akasema kwa upole. "Wataalamu wanalichunguza, lakini bado haijathibitika kuwa linamponya mtu saratani. Daktari akiruhusu, na ale. Matibabu yasingoje."

Kulipokucha mzee mwenyewe akampeleka Luisa Mtwara. Mlangoni pa chumba cha upasuaji akamshika mkono.

"Nimekuchelewesha, mwanangu."

"Umenileta," Luisa akajibu. "Asante, mjomba."

Kwa kule kuchelewa, titi lote liliondolewa, na dawa kali zikampukutisha nywele. Lakini yu hai, alhamdulillahi. Nywele zimeota, na uani tunamsikia tena akibangua na kutania. Mjomba bado huleta stafeli, ila hulikumbatia kwanza na kuuliza, "Daktari amesemaje?" Mimi hucheka, kisha machozi hunitoka kwa shukrani.

FUNZO

Tunda ni zawadi ya Mungu, tulile kwa shukrani, lakini lisikae mahali pa matibabu. Ukigusa kivimbe, wahi hospitali, na mwambie daktari kila unachokunywa. Nanyi wajomba wenye neno la mwisho, neno hilo liwe la kuita bajaji.