Kinachopita kwenye Chanja la Hadidja

Asubuhi Hadidja aliwasha kuni, akapanga samaki juu ya chanja la waya ili wakauke kwa moshi. Walikuwa wadogo kama kidole cha mtoto. Wengi walipenya kwenye matundu, wakaangukia motoni.

Jirani yake Misenga, mfanyakazi wa idara ya uvuvi, alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. Akacheka.

"Mama Latifa, leo unalisha watu ama unalisha moto?"

Hadidja hakucheka. Chanja hilo lilikuwa la mama yake. Wakati wa vita treni haikufika mjini Kindu, na njia za mashamba zilifungwa. Mtaa ulikula samaki wa nyuma ya kisiwa, pale mto Lualaba unapotulia. Hadi leo Hadidja akipita pale husema asante kimoyomoyo. Lakini samaki wa pale walikuwa wanaisha.

Misenga aliuliza hawa wadogo walivuliwa wapi. Hadidja akainamisha uso. Walitoka hukohuko nyuma ya kisiwa, mahali palipotengwa wasivuliwe. Mvuvi alikuwa mume wake, Zuberi.

Zuberi alikuwa barazani akitengeneza wavu wa kukokota: vyandarua vilivyoshonwa pamoja, na mawe yamefungwa chini.

"Baba aliushona wakati wa vita," alisema. "Wavu huu njo ulilisha mtaa. Leo niutupe?"

"Tunaushukuru, baba Latifa," Misenga alijibu. "Njaa iliwasukuma. Lakini samaki anataga mayai kwenye mchanga, chini kabisa. Mawe yako yanapita pale kama baiskeli juu ya mayai. Wavu wa matundu makubwa, ukivulia katikati ya mto, unakamata mukubwa tu. Mutoto anabaki, anakua."

"Na wengine wakiendelea kukokota? Wao washibe, mimi nilale njaa?"

Hadidja ndiye aliyejibu.

"Ni mahali pale palitulisha. Wavu ulileta tu. Na samaki wao nani anawakausha, si sisi wanawake? Kinachopita kwenye chanja langu sikipokei tena. Hata kikitoka mkononi mwako."

Akaenda bandarini kwa wakaushaji wenzake. Mmoja wao, Mwavita, alimtania kwamba mume atamrudisha kwao. Lakini Mwavita naye alikuwa amechoka kulisha moto. Wote wakakubali kutopokea tena samaki wadogo. Wavuvi walinung'unika, samaki wao wadogo wakaoza juani. Mmoja baada ya mwingine, wakaacha kukokota.

Miezi ilikuwa migumu. Nyumbani kwa Hadidja walikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Zuberi alifungua mawe ya wavu, akayapanga kuwa mafiga chini ya chanja. Akafuma wavu wa matundu makubwa.

Mvua zilipokwisha, alirudi na samaki wanene kama mkono. Hadidja akawapanga. Zuberi akainama, akachungulia motoni.

"Hakuna aliyeanguka," alisema taratibu.

Samaki wa kwanza kuiva alipelekwa kwa Misenga. Kisha Hadidja akageukia kisiwa, akasema asante. Safari hii kwa sauti.