Mgeni wa Chumba cha Watia Rangi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Asubuhi moja, mama aliyekuwa akitembeza wageni katika makumbusho ya mji alifungua chumba cha watia rangi, akakuta kinanuka nili mbichi, kama nguo zimetolewa pipani sasa hivi. Watia rangi walikuwa kabila lililofukuzwa mjini enzi za mababu, mtaa wao ukabomolewa nyumba kwa nyumba. Chumbani mlibaki mapipa makavu na mlango wa nyuma uliozibwa kwa matofali.

Mama huyu aliujua mji kama kiganja chake. Kabila gani lilikaa wapi, nani alioa kwa nani, yote alikuwa nayo kichwani, na akianza kusimulia hata mwenye haraka zake huketi. Basi alikuwa ameinama akipanga viti aliposikia sauti ya mzee ikipiga hodi. Kutwa kucha kazi yake ni kukaribisha watu, mdomo ukatangulia. "Karibu, karibu ndani," akajibu bila kugeuka. Alipogeuka hapakuwa na mtu, na hodi ilikuwa imetokea upande wa matofali.

Alicheka, maskini. Jioni ile binti yake wa pekee, aliyempata baada ya miaka ya kuhangaika, alikataa chakula. Keshoye vidole vya mtoto vilikuwa vya bluu. Baba mtu akasema ni wino wa shule, aoshwe. Wakaosha, na bluu ikapanda hadi viwikoni. Ilipofika mabegani mtoto hakuweza tena kunyanyuka, harufu ya nili ilijaa nyumba nzima hata majirani wakafunga madirisha mchana kweupe, na katika kinywa cha mtoto wa darasa la pili ikawa inatoka sauti ya mzee, taratibu na kwa adabu, ikiuliza njia ya kwenda kwao, ikiuliza tena, na tena, mpaka mama akaziba masikio akilia.

Mganga alipoitwa alinusa mlangoni, akavua viatu.

"Huyu hakuvamia," alinong'ona. "Mlimkaribisha. Jini la kukaribishwa halifukuzwi, mwanangu, husindikizwa."

"Na nani?" mama akauliza.

"Na mwenyeji wake. Mfikishe kwao. Ukimwacha njiani, atarudi alikolala, mwilini mwa mtoto."

Mama alimbusu mtoto shavuni, mahali ambapo rangi haijafika, akaenda kusimama mlangoni. "Baba, twende nikusindikize," akasema. Mkono wa baridi, uliolowa, ukashika wake. Nyuma yake mtoto akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mama alitamani mno kugeuka, lakini alivuka kizingiti.

Walitembea jua la utosi. Watu walimwona mwanamke akiongea peke yake, wakampisha. Alimwonyesha walikokaa wafinyanzi, walikokaa wahunzi, na mgeni akafurahi, kila kona akiuliza kama wamekaribia. Hatimaye wakafika ulipokuwa mtaa wa watia rangi. Palikuwa na kituo cha mafuta na barabara pana, magari yakipishana. Nyumba ya mgeni haikuwepo, wala haitakuwepo, na katika mji mzima ni mama tu aliyelijua hilo.

"Ndipo hapa?" sauti ikauliza sikioni mwake.

Alimfikiria binti yake na kikombe chake cha maji.

"Bado, baba," akasema, "ni mbele kidogo." Wakaendelea kutembea.