Udongo wa Uani kwa Fundi Betri

Fundi betri alifanyia kazi nyumbani, uani. Alipasua betri kuukuu za magari, akayeyusha madini ya ndani na kuunda betri mpya. Binti yake wa miaka minne, Kitinda, alicheza hapo hapo kwenye udongo.

Jirani yao alikuwa mwanamke mzee, mstaafu. Alipita nyumba hadi nyumba akichota udongo kwa kijiko na kuutia kwenye vichupa. Watu walimcheka, wakamwita Bibi Chupa.

Siku moja alichota udongo kwa fundi. Wiki iliyofuata akarudi. Mke wa fundi alikuwa sokoni.

"Mwanangu, hamisha kazi hii. Udongo huu si wa mtoto kuchezea."

"Bibi, mwaka wa kumi huu niko hapa, na ni buheri wa afya!"

"Wewe mtu mzima. Mtoto hutia vidole mdomoni."

"Nenda bibi, usinitie nuksi." Fundi akafunga mlango.

Mwezi haukuisha, Bibi Chupa akafariki.

Baadaye Kitinda akaanza kulia tumbo. Chakula hataki. Maneno aliyokwisha kuyajua yakampotea. Asubuhi moja alianguka, mwili ukakakamaa, macho yakageuka juu. Wakamkimbiza hospitali.

Walimlaza, wakampima damu. Kisha mtaalamu wa maabara, dada mmoja mwenye miwani, akawaita wazazi.

"Damu ya mtoto ina risasi nyingi."

Mama akaruka. "Risasi! Nani amempiga mwanangu?"

"Hakupigwa, mama. Nasema madini ya risasi, yale ya kwenye betri. Baba unafanya kazi gani?"

 Fundi alikuwa ameitumbulia macho picha ukutani: mwanamke kijana, koti jeupe.

"Yule... si Bibi Chupa?"

"Mlimwita hivyo? Ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza maabara hii. Alipoajiriwa, wanaume walimpa kazi ya kuosha vyombo, na shahada yake mkononi! Enzi hizo watoto wakianguka hivi, watu walisema wamerogwa. Yeye akapima udongo, akapima damu, akaonyesha kuwa ni vumbi la betri. Kipimo cha mwanao tulifundishwa na yeye."

Akafungua daftari la mwisho la bibi, lililoletwa maabara alipofariki. Mlikuwa na mistari miwili kwa mwandiko wa kutetemeka: "Kwa fundi betri. Risasi nyingi kuliko nyumba zote. Pana mtoto. Nitarudi tena."



"Alikuja," fundi alisema. "Nikamfungia mlango."

Mkewe akamgeukia, kinywa wazi. "Alikwambia? Nawe ukaninyamazia?"

 Mtaalamu akaendelea taratibu.

"Vumbi hili halinuki. Hukaa kwenye udongo, nguo na mikono. Kwa mtoto, hata kidogo si salama. Kazi ihamie mbali na nyumba. Oga na ubadili nguo huko huko. Msifagie pakavu, pigeni deki. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Udongo wa uani tutakuja kuuondoa."

Juma hilo fundi alihamishia kazi eneo la karakana nje ya mji. Watu wa afya wakachimbua udongo, ua ukamwagiwa zege. Kitinda akapewa dawa ya kutoa risasi mwilini. Mke wa fundi alikaa siku nyingi akimjibu kwa mkato, naye hakulalamika. Kila jioni fundi alikwenda kwa mafundi wenzake wenye watoto, akawasimulia yote, hata habari ya mlango. Wanne wakahamisha kazi. Watoto wao wakapimwa.

Mwaka ulikaribia kwisha waliporudi kupima tena.

"Haijaisha," mtaalamu alisema, "lakini imeshuka sana. Daktari anasema yapo ambayo atachelewa kujifunza. Mvumilieni."

Kitinda, aliyekuwa akisugua alama ya sindano, akamkazia macho.

"Baba, mwambie huyu dada asinichome tena, mimi sipendi!"

Mama akashika mdomo. Miezi mingi hawakuwa wamesikia sentensi ndefu hivyo.