Matanga ya Bernarda Hayajaisha

Wa kwanza kulalamika alikuwa mgeni, mwanamke mwenye miwani aliyelala chumba cha mbele na mumewe. Saa sita mchana, jua likiwa limewafukuza hata mbwa barabarani, alitoka uani na kumuuliza Wilfrido Cassiani, mwenye nyumba ya wageni, kwa upole ni nani anayekaanga samaki chumbani mwao.

Wilfrido akacheka. "Ni majirani, bibie. Hapa Getsemaní kila mtu anapika."

Uongo mtupu. Sisi majirani tulikuwa tumejilaza kukwepa joto, na jikoni kwake hapakuwa na moto. Kama angetaka kumwambia mgeni ukweli, angemwambia kwamba katika kitanda kile kile alikufa shangazi yake Bernarda, siku chache tu zilizopita.

Naisimulia habari hii kwa hasira na sitaomba radhi. Bernarda hakuzaa, lakini ndiye aliyemlea Wilfrido tangu ananyonya. Alikaanga samaki soko la zamani, na soko lilipobomolewa, wauzaji wakapelekwa mbali na bahari, yeye aligoma, akaweka kikaango chake mlangoni. Nyumba ile aliijenga kwa samaki. Wilfrido alisoma kwa samaki. Siku alipofariki tulikaa matanga kama tunavyokaa siku zote: meza yenye kitambaa cheupe chumbani mwake, picha, mishumaa, na glasi ya maji yenye kipande cha pamba ili marehemu alowanishe midomo. Usiku wa tisa wa matanga ndipo ndugu yake wa tumbo moja humwita kwa jina na kumwambia aende, meza ikavunjwa, mlango ukafunguliwa. Kabla ya hapo marehemu yumo ndani, na ana kiu. Hata watoto wa mtaa huu wanalijua hilo.

Usiku wa sita, Wilfrido alikikunja kile kitambaa kwa mikono yake. Wageni wanaokuja kutembea mtaa wa soko la kale walikuwa wanaingia kesho yake. Maji aliyamwaga kwenye karo. Bi Eneida, mdogo wake Bernarda, alipomshika mkono kumzuia, Wilfrido alimpakia kwenye teksi pamoja na nguo zake, akampeleka mtaa wa Olaya kule kando ya kinamasi, kwa binti wa Bi Eneida mwenyewe. "Chumba chako nacho nakihitaji, shangazi," ndivyo alivyomuaga. Picha ya Bernarda lakini hakuitupa. Aliitundika mapokezi, marehemu akiwa na beseni la samaki kichwani, wageni wapige nayo picha.

Mtu pekee aliyempigia magoti aiache ile meza ni mkewe, Yurleidis. Na yeye ndiye aliyeandamwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Alinijia mchana mmoja, shuka za wageni mikononi, akaongea akiangalia nyuma.

"Dada Nubia, kuna mtu ananyonya nguo."

"Nguo gani?"

"Mbichi. Nikianika taulo, nikigeuka, pembe moja imekauka. Imekunjamana, ina alama za meno. Vyombo vya maua havina maji. Na chupa za kwenye friji, dada, hazijafunguliwa na hazina kitu."

"Umemwambia mumeo?"

"Anasema ni joto. Anasema wanawake tunapenda hadithi." Alilamba midomo. Ilikuwa imepasuka. "Nipe maji kidogo."

Nilimpa kikombe, akaomba kingine, kisha akauchukua mtungi wenyewe na kuunywa wote akiwa amesimama, macho yamemtoka, maji yakimtiririka kifuani, na alipoushusha alinitazama kama mtu ambaye hajaonja hata tone.

Kesho yake mchana nilisikia sauti uani kwao. "Samaki wa moto! Njooni, samaki wa moto!" Nikasimama pale pale nilipokuwa, kwa sababu sauti ile niliizoea tangu utotoni, ya kukwaruza, yenye kiburi kidogo, na mwenye sauti nilimwona akizikwa. Nilipochungulia juu ya ukuta nikamwona Yurleidis amepiga magoti mbele ya ndoo ya kupigia deki, uso wote umo ndani, anakunywa maji machafu yenye sabuni, na kila akiinua kichwa kuvuta pumzi anaita wateja kwa sauti ya marehemu, na harufu ya mafuta yaliyochemka ikawa inapanda kutoka nywele zake, mgongoni kwake, kila mahali. Wilfrido alikuwa anamvuta kwapa amfungie stoo kabla wageni hawajamwona.

Wilfrido sikumgusa. Ningemgusa ningemuua. Nilikwenda kumwita Bi Tomasa, anayetuongozea sala za matanga, tukapiga simu Olaya, na Bi Eneida akaja na viatu vya nyumbani.

Bi Tomasa alimtazama Yurleidis mara moja tu. Tumbo la mwanamke yule lilikuwa limevimba maji, midomo imekauka inatoka damu.

"Huyu hafiki jioni," alisema polepole. "Fungua chumba cha mbele. Tunaweka meza sasa hivi."

"Bibi, wageni wamelala mle," alisema Wilfrido.

"Waamshe."

Wilfrido aliutazama mlango wa wageni. Akamtazama mkewe. Kisha, kwa masikio yangu haya, nikamsikia akisema, "Nipeni mpaka Jumapili. Jumapili wanaondoka."

Bi Eneida alimsukuma akapita, akagonga mlango, na wale wageni, ambao nadhani walikuwa wameshaona mambo yao humo ndani, walitoka na mabegi bila kuuliza kitu.

Tukatandika kitambaa. Nikaishusha picha kutoka mapokezi. Wilfrido tulimkalisha kwenye kiti mbele ya meza, naye alikaa, amenuna. Bi Tomasa akaweka glasi, akatia pamba, akaanza kusali, na sote tukaona maji yakishuka ndani ya ile glasi, taratibu, bila mkono, bila mdomo, huku Yurleidis sakafuni akimeza na kumeza, koo likipanda na kushuka kwa wakati ule ule.

"Eneida," alinong'ona Bi Tomasa. "Ni wewe tu. Mwite dada yako."

Bi Eneida aliweka kiganja juu ya picha.

"Bernarda. Mimi hapa. Mwachie huyo mtoto wa watu. Yeye alikulilia."

Yurleidis akatapika. Yalimtoka maji mengi, yakaenea mpaka miguuni kwetu, yananuka sabuni na samaki. Kisha akashika mkono wangu, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe. "Dada Nubia, nasikia baridi."

Nikamkumbatia, nikilia.

"Sasa mwambie aende," alisema Bi Tomasa, akiuelekea mlango aufungue. "Upesi. Mwambie aende zake."

Bi Eneida alimgeukia Wilfrido. Sijawahi kuona mwanamke mzee ana macho kama yale.

"Aende wapi? Hapa ni kwake. Bernarda, matanga yako hayajaisha. Kaa na mwanao akumalizie."

Bi Tomasa alipiga ishara ya msalaba, akaiweka rozari mfukoni. "Tokeni," alisema. "Tokeni wote."

Tulimwinua Yurleidis. Wilfrido naye alitaka kuinuka, na hakuweza. Shati lake lilikuwa limebonyea mabegani, kulia na kushoto, kama mtu anavyobonyezwa na viganja viwili, na pale penye viganja mafuta ya kupikia yalikuwa yanalowa na kuenea kwenye kitambaa.

"Shangazi," alisema. "Shangazi, nisamehe." Sijui alikuwa anamwomba yupi.

"Mwanangu," ikajibu ile sauti ya kukwaruza, nyuma ya kiti chake, kwa upole kabisa. "Tulia. Tusali."

Mlango niliufunga mimi. Alianza kutuita kwa majina, mmoja mmoja, kwanza mkewe, kisha mimi, kisha Bi Tomasa, sauti ikizidi kukauka. Tulikuwa tumeshafika uwanja wa Trinidad pale mtaani, tumemshika Yurleidis huku na huku, na hakuna aliyegeuka.