Ya Juu Simama, ya Chini Nenda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeniajiri kuifanya: kumchagulia kaka yangu nguo. Machoni pake, nyekundu na kijani ni rangi moja. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliacha kumtuma dukani tangu siku alipoagiza uzi wa kijani akaletewa mwekundu.

"Profesa, hili shati rangi gani?"

"La kijani. Suruali nyeusi. Hata ukienda kuposa hawakukatai."

Aliniita Profesa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Ndiyo maana lilipotoka tangazo la mafunzo ya usalama barabarani na usalama wa jamii, alinipa fomu nimjazie. Alikuwa amemaliza shule miaka miwili iliyopita, na barua zake za maombi zilikuwa nyingi hata mama akasema posta watamwajiri kwa huruma tu. Kazi hii aliitaka kweli. Nilimfuma nyuma ya nyumba akijifunza kusimamisha magari kwa mkono, na kuku wanampita bila kumjali.

Nilijaza umri, nikajaza elimu, kisha nikafika palipoulizwa: "Je, una tatizo lolote la macho?" Nilimtazama kaka akipiga pasi lile shati huku akiimba. Nilimpenda sana saa ile. Nikaandika: "Hapana." Alitia sahihi bila kusoma, kwa kuwa aliniamini.

Usaili ulikuwa Jumamosi, tukaenda pamoja. Mkufunzi, mwanamke wa makamo mwenye kofia nyeupe, aliisoma fomu mstari kwa mstari.

"Macho hayana tatizo. Ni kweli?"

Kaka aligeuka akanitazama. Hakunikunjia uso wala hakuninyooshea kidole, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Si kweli, mama," alisema taratibu. "Nyekundu na kijani naziona rangi moja. Naomba kalamu nirekebishe."

"Na kwenye taa za barabarani unafanyaje?"

"Ya juu ikiwaka nasimama. Ya chini ikiwaka naenda."

"Ni mimi niliyeandika," nilidakia, machozi yakinitoka. "Yeye hakujua. Nilitaka apate kazi."

Mkufunzi alinisogezea kiti. "Kaa, binti yangu. Sasa nisaidie. Gari jekundu limemgonga mtu likakimbia. Kaka yako ameliona, akaandika ni la kijani. Tutamkamata nani?"

Profesa mzima nikainamia viatu vyangu.

"Tutamkamata asiye na kosa," alisema. "Upendo ni mzuri, lakini usiutilie uongo ndani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Kisha akamgeukia kaka. "Kwenye makutano ya barabara sitakuweka."

Kaka aliinamisha kichwa. Niliona shingo yake ikilegea.

"Ila nina kikosi cha kuvusha watoto wa shule na kufundisha usalama mitaani. Huko namtaka mtu anayesema ukweli hata ukimponza. Mafunzo yanaanza Jumatatu. Usichelewe."

Alimkabidhi kizibao cha kazi. Tulitembea mpaka tukakaribia nyumbani.

"Umenikasirikia?" niliuliza.

"Kidogo. Hasira zimeshaisha." Alinishika bega. "Lakini nisikilize, mdogo wangu. Tangu ukiwa mdogo mimi naona kwa macho yako. Wewe ukinidanganya, nitaona kwa ya nani?"

Nilimshika mkono kwa nguvu, naye hakuuachia.

"Haya, Profesa. Hiki kizibao rangi gani?"

Nilikigeuza mbele na nyuma, nikakitazama vizuri kabla ya kufungua mdomo.

"Rangi ya machungwa," nilisema. "Na hapa mgongoni kina doa."

Kaka alicheka, akakivaa hivyo hivyo.