Mkia Chini ya Jina

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, tena zuri la kutazama. Jefwa alikuwa katika duka lake la kuchapisha pale Mtopanga, akipanga kadi ya mazishi ya bibi mmoja wa Mishomoroni, alipoona jina la mjukuu mmoja, Baya, limeota mkia. Herufi ya mwisho ilikuwa imeteremsha msururu wa pembetatu saba chini ya mstari. Majina ya wajukuu wengine yalikuwa yametulia.

Mkia huo aliuchora mwenyewe. Miezi mitatu alikuwa akitengeneza fonti yake, yenye herufi zinazomtambua jirani zikabadilika umbo, zinazoungana zikikutana, na zinazojinyoosha zikifika mwisho wa neno. Lakini mikia hutokea ukiiruhusu tu, na yeye alikuwa ameifunga. Akasema kompyuta nayo ina wazimu wake, akachapisha vivyo hivyo. Jumamosi, walipotoka kuzika, Baya alikaa chini akishika kifua, asiinuke tena.

Wiki ya pili mkia ukaota kwa Janice, mwimbaji wa kwaya, katika orodha ya sare. Akazikwa Alhamisi.

Jefwa akaifuta fonti, akazima mashine, akachomoa waya. Na hapo, saa nane mchana, jua likiwaka na watu wakipita mlangoni, akasikia ndani ya kompyuta iliyozimwa mtu anachonga mti, tok, tok, taratibu, kama fundi asiye na haraka, harufu ya ugoro na pombe ya mnazi iliyochacha ikajaa dukani, kioo kikawaka chenyewe, na kwenye kadi ya ubatizo wa binti yake, Dama, palipoandikwa jina la mama, Mapenzi, herufi ya mwisho ikaanza kushuka, pembetatu moja, halafu ya pili, huku mkewe akianza kukohoa chumbani nyuma ya duka.

Aliogopa. Akampigia simu shangazi yake, Mweri, aliyekuwa mtaa wa jirani, Ziwa la Ng'ombe. Shangazi akaja mbio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Pembetatu hizi umezitoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, wala hakuketi.

"Kwenye kigango cha babu. Nilikipiga picha, nikafuatisha nakshi zake."

Kigango ni ule mti uliochongwa na kusimamishwa ili mzee aliyefariki apate pa kukaa. Shangazi akafumba macho.

"Ulimmwagia mnazi? Ulimwomba?"

"Shangazi, mimi ni mtu wa kanisa."

"Ewe mwana, umemng'oa mzee kwake! Zile si nakshi, ndio mwili wake. Sasa hana makazi, anaingia jina hili na lile akitafuta lake."

Pembetatu ya sita ilikuwa inachongeka. Mapenzi alikuwa hakohoi tena, anakoroma kama anayekata roho.

"Nifanyeje?" Jefwa alinong'ona.

"Mwandikie jina lake kwa herufi hizo hizo, aingie atulie." Shangazi akasita. "Lakini jina lake ndilo ulilopewa wewe, mjukuu wa kwanza. Mimi sijui atakapoingia ataingia kwa nani."

Jefwa alitazama mlango wa chumba. Alimpenda yule mwanamke, na mtoto alikuwa hata hajaota meno. Akaketi, akazikuta herufi alizozifuta zimerudi zenyewe, akaandika jina herufi moja moja, akakosea mara mbili akarudia, na alipomaliza mkia ulio chini ya Mapenzi ukajikunja kurudi juu, ile harufu ikapungua, patasi ikanyamaza, na sauti ikatoka chumbani, nyepesi kabisa.

"Baba Dama, maji yapo?"

Jefwa akacheka huku machozi yakimtoka, akageuka amshukuru shangazi yake.

Shangazi alikuwa akitazama kioo, ambako chini ya jina Jefwa pembetatu ya saba ilikuwa imetimia. Akavua leso kichwani, akajifunga kiunoni, akaanza kulia kilio cha matanga, na Jefwa bado ameketi mbele yake.